Kuanza sablimesheni kwa printa ya wino: kitambaa kwanza, printa baadaye

Anayetaka kuanza kuchapa jezi na vikombe huuliza kwanza anunue printa gani. Printa ndiyo sehemu rahisi. Kazi nyingi huharibikia kwenye kitambaa kisichofaa au kwenye presi (mashine ya kubana kwa joto) ambayo joto lake halilingani, kisha printa hulaumiwa bure. Kwa hiyo tuanze na kile kinachochapwa.

Kinachoshika na kisichoshika

Wino wa sablimesheni ni rangi isiyoyeyuka majini, iliyosagwa laini sana na kuachwa ielee ndani ya maji. Ukiichapa kwenye karatasi, ukailaza karatasi juu ya kitambaa na kuibana kwa joto la nyuzi 190 hadi 205 za Selsiasi, rangi hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa kimiminika kwanza. Wakati huohuo poliesta iliyopata joto hulegea na kuupokea mvuke. Ikipoa hujifunga, rangi ikiwa ndani. Ndiyo sababu ukipitisha kidole juu ya picha husikii utando wowote, na picha haipasuki wala haibanduki kwa kufuliwa.

Pamba haina tabia hiyo. Kanga, khaki au fulana ya pamba tupu ukiibana itaonyesha kivuli cha picha, na kivuli chenyewe kitaondoka na maji ya kwanza ya sabuni. Kitambaa cha mchanganyiko hushika kadiri ya poliesta iliyomo: chenye asilimia 65 hutoa picha yenye sura ya fulana iliyofuliwa mara nyingi, jambo ambalo wateja wengine hulipenda, lakini usimuahidi mtu rangi kali. Kwa jezi za timu na fulana za hafla, nunua poliesta asilimia 100.

Lebo ya shingoni si ya kuaminiwa sana, hasa kwenye bidhaa za jumla. Vuta nyuzi chache kutoka kwenye pindo la ndani, zishike kwa kibanio cha chuma na uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Poliesta hujikunja kukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu ambacho hakisagiki kwa kidole kikishapoa. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu. Mchanganyiko huacha majivu yenye vichembe vigumu ndani yake. Jaribio hili halifiki dakika 2 na linaweza kukuokolea katoni nzima.

Jambo la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wameshanunua mzigo: wino mweupe haupo. Palipo peupe kwenye picha ni kitambaa chenyewe kinachoonekana. Rangi hizi pia hupenyeza rangi ya chini yake, hivyo njano juu ya jezi ya bluu itakuwa kijani, na chochote juu ya jezi nyeusi hakitaonekana. Fanya kazi juu ya nyeupe au rangi nyepesi sana. Mteja akitaka fulana nyeusi, mpeleke kwenye vinaili (plastiki nyembamba inayokatwa na kubandikwa kwa joto) au DTF (picha inayochapwa kwenye filamu kisha kuhamishiwa kwenye nguo). Hizo ni kazi nyingine zenye vifaa vyake.

Kwa vitu vigumu kama vikombe, vigae, sahani za aluminiamu, vishikizo vya funguo na makava ya simu, kinachopokea rangi ni tabaka jembamba la polima lililopakwa kiwandani. Kikombe cheupe cha duka la vyombo hakina tabaka hilo, hata kikiwa kinang'aa kuliko cha sablimesheni. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, kwa hiyo uliza waziwazi unaponunua, na ujaribu kimoja kabla ya kuchukua katoni ya 36.

Printa

Inatakiwa printa ambayo kichwa chake kinasukuma wino bila kuuchemsha. Epson hutumia kichwa cha piezo, yaani kijiwe kinachojipinda kikipata umeme na kuusukuma wino utoke. Printa nyingi za HP na Canon za nyumbani huuchemsha wino hadi utoe povu linalousukuma nje. Wino unaoamshwa na joto hautakiwi humo: huganda kwenye tundu, rangi hubadilika, na kichwa huziba mapema.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kununua printa iliyotengenezwa kwa kazi hii, kama Epson SureColor F100 ya A4 au Sawgrass SG500 na SG1000. Zinakuja na wino wake na mipangilio ya rangi iliyokwisha kuandaliwa, ila bei yake na ya wino wake iko juu. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki, ni kununua Epson ya matangi na kuitia wino wa sablimesheni tangu mwanzo: L130 au L3250 kwa A4 yenye rangi 4, L805 kwa A4 yenye rangi 6, L1300 kwa A3 yenye rangi 4, na L1800 kwa A3 yenye rangi 6 (L805 na L1800 ni modeli za zamani, zilizokwisha kurithiwa na L8050 na L18050). Ukifuata njia hii jua kwamba dhamana ya kiwandani ndiyo basi.

Kwa anayeanza, rangi 4 zinatosha. Rangi 6 huongeza samawati nyepesi na majenta nyepesi, na faida yake huonekana kwenye picha za nyuso, kwenye ngozi na mawingu, ambako vidoto vya rangi kali huonekana kwenye maeneo mepesi. Kwa nembo, majina na namba za jezi hutaona tofauti. Unachokipata ni tangi 2 zaidi za kujaza na njia 2 zaidi zinazoweza kuziba. A3 ina faida iliyo wazi zaidi, kwa sababu picha ya kifuani kwenye jezi ya mtu mzima hupita upana wa A4. Jezi iliyochapwa mwili mzima, kuanzia bega hadi pindo, haitoki kwenye printa hizi. Ile huchapwa kwa mashine za rola, vipande vikiwa bado havijashonwa.

Nunua printa mpya ambayo haijawahi kutiwa wino. Chupa za wino zinazokuja kwenye boksi usizifungue. Ziuze au mpe mwenye printa ya ofisi. Printa iliyokwisha kutumika inaweza kubadilishwa, lakini lazima tangi zinyonywe kwa bomba la sindano, mirija isafishwe kwa maji ya kusafishia vichwa vya printa, kisha zichapwe kurasa nyingi za rangi tupu hadi wino wa zamani uishe. Mabaki yake hayageuki mvuke. Hukaa juu ya karatasi, na wewe unaona picha hafifu bila kujua kwa nini. Na ukishaigeuza, isichape tena risiti na barua, kwani kuirudisha nyuma ni kazi ileile tena.

Kujaza wino

Nunua seti ya chupa za mililita 100, za kampuni moja, na ikiwezekana ya muuzaji anayetoa faili la profaili ya rangi ya wino huo kwa printa yako, yaani faili linaloiambia kompyuta jinsi wino huo unavyotoa rangi. Faili hilo lina thamani kuliko punguzo la bei. Angalia tarehe ya kuisha muda. Chembe za rangi hutuama chini ya chupa, kwa hiyo kabla ya kumimina igeuze chupa juu chini taratibu mara kadhaa. Usiitikise kwa nguvu, maana unaingiza povu, na povu kwenye mrija huleta mistari myeupe kwenye picha.

Jaza kila tangi hadi mstari wa juu, huku ukisoma herufi iliyo kwenye tangi na si rangi ya kifuniko cha chupa: BK, C, M, Y. Chupa za kampuni za nje hazina mdomo unaokataa tangi lisilo lake, na ukikosea tangi moja umerudi kwenye kazi ya kunyonya na kusafisha. Fuata hatua za uanzishaji kwenye kitabu cha printa. Mashine itavuta wino kujaza mirija kwa dakika 10 hadi 20 kutegemea modeli, na usiizime katikati. Tangi zikishuka baada ya hapo ni kawaida, ongeza.

Chapa ukurasa wa kukagua nozeli, yaani vitundu vya kichwa vinavyotoa wino. Unataka ngazi zote za mistari zikiwa kamili bila pengo. Pengo likiwapo, fanya usafishaji wa kichwa mara moja, kagua tena, na usizidishe mara 3 mfululizo. Bado? Zima, iache saa 6 hadi 12, kisha kagua tena. Mapovu mengi hupanda yenyewe printa ikipumzika, ilhali kusafisha bila kikomo humwaga wino wako kwenye sponji ya taka na hakuponyi kitu. Katika matumizi ya kila siku usiruhusu tangi lishuke chini ya mstari wa chini, kwa sababu hewa ikiingia kwenye mrija hutoka kwa shida.

Karatasi na unyevu

Karatasi ya sablimesheni ya gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba inafaa kwa kazi nyingi. Ina upande mmoja uliopakwa, mara nyingi ule mweupe zaidi. Ukiwa na shaka, lowesha vidole kidogo na ubane kona ya karatasi: upande unaonata ndio wa kuchapia. Karatasi ya kawaida ya A4 itachapa na itahamisha kitu, lakini huumeza wino ndani na kuachia sehemu tu. Ni nzuri kwa kujaribu vipimo, si kwa kazi ya mteja.

Ukiwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, unyevu ndio adui wako mkubwa kuliko wino mbaya. Karatasi iliyoachwa wazi kwenye trei usiku kucha hunyonya maji ya hewa. Unapoibana, maji hayo huwa mvuke ghafla na kuisukuma rangi pembeni, na picha inatoka na mabaka kama ya ukurutu au kingo zilizotawanyika. Toa karatasi unazohitaji tu, nyingine zirudishe kwenye mfuko wa plastiki unaofungika pamoja na vifuko vya silika vinavyokuja na viatu na mabegi. Karatasi iliyochapwa iache mbele ya feni dakika 5 kabla ya kuibana. Bara kukavu kama Dodoma tatizo ni kinyume chake: kichwa cha printa hukauka haraka, kwa hiyo chapa japo ukurasa mmoja wa rangi zote kila baada ya siku 2 au 3.

Mchoro na mipangilio

Tengeneza mchoro kwa rangi za RGB (mfumo wa rangi za skrini) na si CMYK (mfumo wa wino wa uchapaji), hata kama umezoea kazi za offseti. Draiva ya Epson, yaani programu ya kompyuta inayoiongoza printa, inategemea kupokea RGB, na ukiipa CMYK inageuza mara mbili na kuzifubaza rangi. Picha iwe na pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa. Picha iliyopita WhatsApp haitoshi kifuani kwa mtu mzima. Mwombe mteja aitume kama faili.

Kwenye mipangilio ya printa chagua karatasi ya picha isiyong'aa, ubora wa juu, na uzime uchapaji wa kasi wa pande mbili. Kichwa kikichapa kikienda na kikirudi, mistari midogo hupishana na maandishi madogo huonekana kama yana kivuli. Ukiwa na profaili ya wino, ichague ndani ya programu kama Photoshop au CorelDRAW, kisha kwenye draiva zima marekebisho yote ya rangi. Vyote viwili vikifanya kazi pamoja, nyuso za watu huwa nyekundu. Usipokuwa na profaili, acha draiva ifanye kazi kwa sRGB (aina ya kawaida ya RGB) na utegemee chati.

Chati ya rangi ni ukurasa wenye visanduku vya rangi 100 au zaidi, kila kimoja kikiwa na thamani zake za RGB. Ichape, ibane juu ya kipande cha poliesta unayoitumia, uitundike ukutani karibu na kompyuta. Mteja akitaka nyekundu ya timu yake, unaitafuta kwenye kitambaa na kuandika namba zake. Skrini haitakuambia ukweli, wala karatasi haitakuambia. Kwenye karatasi rangi huonekana zimefifia, nyeusi ina ukijivu, na wengi hudhani printa imeharibika wakati kila kitu kiko sawa.

Kabla ya kubofya chapa, geuza picha kushoto kulia kama inavyoonekana kwenye kioo. Printa nyingi zina kisanduku hicho kwenye draiva. Kiache kimewashwa siku zote, maana hakuna kazi ya sablimesheni ya fulana au kikombe isiyokihitaji.

Presi

Anza na presi bapa ya sentimita 38 kwa 38. Presi za kazi nane kwa moja, zenye kichwa cha kofia, sahani na kikombe, zinavutia kwa bei, lakini kila ukibadilisha kichwa unarekebisha mgandamizo upya, na viunganishi vya waya huchoka. Ni heri presi bapa moja na presi ndogo ya kikombe pembeni.

Usiamini namba inayoonekana kwenye kioo chake. Kihisi cha joto kiko sehemu moja tu ya sahani ya moto ya presi, ilhali kona zinaweza kuwa na nyuzi 10 au 15 pungufu. Pima katikati na kona nne kwa kipimajoto cha kugusa. Kile cha kumulika kwa mwanga mwekundu hudanganya juu ya chuma kinachong'aa, ila kinakubalika juu ya sahani iliyopakwa tefloni nyeusi. Andika tofauti uliyoipata kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mwili wa mashine. Presi ikifika joto uliloliweka, isubiri dakika 10 nyingine ili joto lienee.

Mgandamizo pima kwa vipande vinne vya karatasi, kila kimoja kwenye kona. Funga presi, kisha vuta kimoja kimoja. Vyote vinatakiwa vigome kwa nguvu inayofanana. Kimoja kikitoka kirahisi, kona hiyo itatoa rangi hafifu kila siku.

Umeme: presi ya ukubwa huu hula wati 1400 hadi 1800. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na kompyuta na pasi. Iliyoletwa kutoka Marekani kwa ndugu inaweza kuwa ya volti 110, na ukiichomeka kwenye volti 230 imeungua hapohapo. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Angalia salio la LUKU au tokeni kabla ya kuanza oda. Umeme ukikatika katikati ya kubana, usisubiri urudi ukamalizie. Kipande hicho kimeshapoteza muda wake sahihi, na ukikibana mara ya pili picha hupata vivuli viwili. UPS ndogo (betri ya akiba) iweke kwenye printa na kompyuta, kwa sababu printa inayozimika ghafla huacha kichwa wazi kikikauka. Presi usiichomeke kwenye UPS.

Kubana jezi

1. Weka nyuzi 195 hadi 200 na mgandamizo wa wastani. Jezi nyembamba sana ianze na 190.
2. Pitisha rola ya kunata juu ya eneo lote la picha. Uzi mmoja usioonekana kwa macho utatokea kama alama ya bluu kwenye nyeupe, na alama hiyo haitoki.
3. Ingiza karatasi safi ndani ya jezi ili rangi isipite kwenda mgongoni.
4. Ibane bila picha sekunde 5 hadi 10 kuondoa unyevu na mikunjo. Acha ipoe kidogo.
5. Laza karatasi ya picha, uso chini. Ishike kwa tepu ya joto, ile ya rangi ya kahawia angavu, kwenye kona mbili zilizo nje ya mchoro. Selotepu ya kawaida huyeyuka na kuacha gundi.
6. Funika kwa karatasi safi ya kuokea isiyo na nta. Gazeti lenye maandishi huhamisha maandishi yake, na shiti ya tefloni hubeba rangi ya kazi iliyopita hadi kwenye jezi inayofuata.
7. Bana sekunde 45 hadi 60. Nyembamba 40 hadi 45.
8. Fungua taratibu, kisha ondoa kifuniko na picha kwa mkupuo mmoja kungali moto. Usiinue, ukachungulia, ukarudisha.

Karatasi ya A4 juu ya presi ya sentimita 38 huacha alama ya mstatili kwenye poliesta, ambayo huonekana kuliko picha yenyewe mvaaji akisimama juani. Kingo zilizokatwa kwa mkasi ndizo zinazochonga. Chana kingo za karatasi kwa mkono ziwe na manyoya, punguza mgandamizo, au weka kipande cha sponji ya presi ndani ya jezi chini ya eneo la picha. Alama iliyokwisha kutokea wakati mwingine hupungua kwa mvuke wa pasi, haifutiki yote.

Moshi mdogo na harufu utavisikia. Fungua madirisha, washa feni inayotoa hewa nje, na usifanyie kazi hii chumba wanacholala watoto.

Vikombe

Kikombe cha kawaida cha wakia 11 kina kimo cha karibu sentimita 9.5. Picha ya sentimita 20 kwa 9 hukaa vizuri na kuacha nafasi pande zote za mkono. Futa kikombe kwa spiriti, zungushia picha ikiwa imebana kabisa, tepu pande mbili, na hakikisha hakuna mfuko wa hewa.

Kwenye presi ya kikombe anza na nyuzi 185 kwa sekunde 180. Kikombe kinatakiwa kuingia kwa kusukumwa kidogo, wala kisilegee wala kisilazimishwe. Kaza legeza hadi ukingo wa juu na wa chini wa picha uwe na rangi sawa na katikati. Kufifia kwa ukingo wa chini ni lalamiko la kila mtu, na mara nyingi chanzo ni umbo: vikombe vingine hupungua upana kidogo kuelekea chini, na presi haigusi pale. Kukaza zaidi husaidia kiasi. La sivyo, fupisha picha kwa nusu sentimita na uliache eneo hilo jeupe.

Muda ukiisha, vaa glavu, toa kikombe na bandua karatasi mara moja. Kikombe kinabaki na joto la kutosha kuendelea kusukuma rangi, na karatasi ikiachwa juu yake kingo za maandishi hutawanyika. Kisha kiache kipoe chenyewe juu ya taulo kavu. Kukitumbukiza kwenye maji baridi hukipasua, pengine si palepale bali mteja anapomimina chai ya kwanza.

Vitu vingine kwa haraka: pedi ya kipanya nyuzi 195 kwa sekunde 50 hadi 60, sahani nyembamba ya aluminiamu nyuzi 200 kwa sekunde 60 hadi 70, ukikumbuka kubandua karatasi ya plastiki inayoikinga, kigae cha kauri nyuzi 200 kwa dakika 4 hadi 6, uso ukiangalia chini kwenye sponji, kwa kuwa kauri hupitisha joto polepole. Hizi ni namba za kuanzia. Muuzaji wa bidhaa akikupa zake, anza na zake.

Kusoma makosa

Angalia karatasi iliyotumika kabla ya kuitupa. Kivuli hafifu cha picha kikibaki juu yake, ni sawa. Ikibaki na rangi nyingi kiasi kwamba ungeweza kuitumia tena, joto au muda haukutosha.

Nyeusi iliyotoka kahawia huwachanganya watu kwa sababu ina vyanzo viwili vinavyopingana. Kama kingo za maandishi ni kali lakini rangi zote zimepauka, hujabana vya kutosha: ongeza sekunde 10 kwanza, kabla ya kugusa joto. Kama kingo zina ukungu na kitambaa cheupe kimeanza kuwa na umanjano, umepitiliza: punguza joto kwa nyuzi 5. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na ukiandike, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Vivuli viwili vya picha moja, cha pili kikiwa hafifu na kimesogea kidogo, vinatokana na karatasi iliyohama presi ilipofunguliwa. Ongeza tepu au fungua polepole. Mistari myeupe inayofuatana kwa umbali sawa ni nozeli zilizoziba. Rudi kwenye ukurasa wa ukaguzi. Mabaka yasiyo na mpangilio ni unyevu. Upande mmoja hafifu kila mara, hata ukigeuza jezi, ni presi. Upande huo ukihama pamoja na karatasi, ni printa.

Mteja mwambie jezi yake aifue kwa maji ya kawaida bila dawa ya kung'arisha, na aipige pasi ya joto la chini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Pasi ya moto mkali huamsha rangi tena na kuipeleka kwenye kitambaa cha meza. Kufua hakuififishi picha. Jua la miezi mingi ndilo linaloififisha, kwa hiyo bango la nje la poliesta lisiuzwe kama kitu cha kudumu miaka.

Printa ikikaa bila kazi kwa sababu ya safari, mwachie mtu faili la ukurasa wenye rangi zote na maagizo ya kulichapa mara mbili kwa wiki. Ikitoa ujumbe kwamba sponji ya wino wa taka imejaa, usikimbilie programu ya kufuta kaunta (hesabu ya wino wa taka) pekee. Kaunta inafutika, sponji haikauki, na wino hufurika chini ya mashine hadi kwenye meza. Badilisha sponji, kisha ufute kaunta.